Firigisi ya Mkwe

Siku mliyoniaga mlinipa saa ya ukutani, zawadi ya ajabu kidogo kwa mtu ambaye kuanzia kesho yake hakuwa na pa kuwahi. Nimeitundika sebuleni, na mke wangu Sofia anasema angalau sasa anajua kwa dakika ni muda gani nimekaa bila kumsaidia kazi. Mwishoni mwa shughuli ile Betina, mdogo kuliko nyote idarani, alinivuta pembeni akasema, "Mzee Hyera, usiondoke na mambo yote kichwani. Tuandikie." Basi nimeandika. Vyeo na mishahara vimo kwenye jalada langu kule masjala, kama panya hawajavifikia. Hapa naweka yale ambayo jalada halina.

Nilipofika Songea na cheti changu cha tiba kwa vitendo, nilikuwa peke yangu wa kabila hilo hospitali nzima. Mganga aliyenipokea aliisoma barua yangu, akaigeuza nyuma kutafuta maelezo zaidi, akaisoma tena.

"Tiba kwa vitendo," akasema. "Kwani sisi wengine tunatibu kwa maneno?"

Nilimweleza kama nilivyokuja kuwaeleza ndugu wa wagonjwa maisha yangu yote: mwenzangu wa fiziotherapia humsaidia mgonjwa asimame, mimi namsaidia, akishasimama au hata akiwa bado amelala, afunge kifungo cha shati lake, ashike kikombe, achane nywele, ajitawaze mwenyewe, na hatimaye arudi kwenye jembe au cherehani yake. Alinielewa nusu. Nikapewa chumba kilichokuwa stoo ya magongo, na magongo yenyewe hayakuhamishwa, tukaishi nayo kwa amani.

Vifaa havikuwepo, nikajifunza kuvitengeneza. Mtu aliyeugua sana vidole vyake hukosa nguvu ya kubana kitu chembamba, kwa hiyo kijiko cha kawaida humponyoka. Nilichukua kijiko kimoja imara, nikakata tyubu ya baiskeli vipande virefu vyembamba, nikauzungushia mpini mpaka ukanenepa kama gunzi. Watu walikicheka sana kijiko changu. Hata mimi nilikicheka, lakini mgonjwa akikishika hakimtoki.

Wodi ya wagonjwa mahututi ilipofunguliwa, miaka mingi baadaye, nilijipeleka bila kuitwa. Mlangoni nilikutana na Sista Kapinga, muuguzi mkuu wa wodi, mama mfupi mwenye sauti ya kengele ya kanisa. Alinitazama mimi, kisha akalitazama kapu langu lenye kitana, kioo, kikombe na kile kijiko kinene.

"Baba, humu watu wanapumua kwa mashine. Wewe umekuja kufungua saluni?"

Nilirudi kesho yake, na keshokutwa. Siku ya nne akachoka kunifukuza. "Haya, ingia. Ila ukinigusia waya hata mmoja, nakutoa na kapu lako." Mama huyo ndiye aliyenifundisha mengi kuliko chuo. Alinifundisha kumsalimia kila mgonjwa kwa jina kabla ya kumgusa, hata yule asiyejitambua, na kumwambia leo ni siku gani na nje kuna jua au mvua. Mtu aliyelala wiki mbili kwenye mashine huamka hajui kama ni asubuhi au ni Krismasi, na wengine huona watu ambao sisi hatuwaoni. "Mwambie yuko Songea," Sista alikuwa akisema. "Asije akadhani hii ndiyo mbinguni, akasikitika bure."

Mgonjwa wa kwanza kunipa heshima mle ndani alikuwa Mzee Saidi, mkulima wa korosho kutoka Tunduru. Alipotolewa kwenye mashine, mikono yake ilikuwa mizito kama ya kuazima. Nilimpa mpira wa kubana. Akaubana mara mbili, akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, nikishaubana ndiyo inakuwa nini?" Nikamuuliza yeye anataka nini.

"Nataka nitie udhu mwenyewe," akasema. "Najua mgonjwa ameruhusiwa kutayamamu kwa vumbi badala ya maji, alhamdulillahi, dini ni nyepesi. Ila maji nayataka."

Hebu utazameni udhu kwa jicho la kazi yetu: viganja, maji mdomoni, maji puani, uso, mikono mpaka viwikoni, kichwa, masikio, kisha miguu. Sijaona kitabu cha mazoezi kilichopangwa vizuri kuliko hivyo. Tulianza na beseni, taulo, na mkono wangu chini ya kiwiko chake. Godoro lililowa, Sista Kapinga akafoka. Wiki ya pili mzee alinawa mpaka viwikoni bila mimi kumshika, na siku anahamishiwa wodi ya kawaida aliniombea dua ndefu mpaka chakula chake kikapoa.

Baada ya hapo nilijiona nimehitimu. Kila mwanafunzi aliyekuja nilimwambia, kwa sauti ya mtu anayejua, kwamba kwanza muulize mgonjwa anataka nini. Ndiyo maana kosa langu kubwa limenikaa moyoni: nililifanya baada ya kujua, si kabla.

Mama Winfrida aliletwa kutoka Mpitimbi na nimonia kali, akakaa kwenye mashine ya kupumulia karibu wiki tatu. Alipotolewa alikuwa na akili zake timamu, sauti ndogo ya kukwaruza, na mpira mwembamba uliopita puani kwenda tumboni, ambao ndio aliolishiwa. Kazi yangu ilikuwa kumrudisha kwenye kula kwa mdomo na kwa mkono wake mwenyewe, ili ule mpira utoke.

Sasa, mimi nilikuwa na kanuni. Niliiandika kwa kalamu nene kwenye karatasi ya manila na kuibandika mlangoni: NDUGU MMOJA, YULE YULE, KILA SIKU. Sababu yake ilikuwa njema. Ndugu wakija kwa zamu, mmoja anamlaza mgonjwa, mwingine anamkalisha, wa tatu anamnywesha maji ya baraka kwa kificho, mwishowe mtu anapaliwa. Nilitaka mmoja tu, nimfundishe vizuri namna ya kumkalisha mgonjwa wima na kumlisha polepole. Kwa Mama Winfrida mtu huyo alikuwa Gaudensi, mume wa binti yake, fundi seremala wa Lizaboni. Winfrida mwenyewe alikuwa ndiyo kwanza amejifungua, na kichanga hakiruhusiwi wodini. Gaudensi alikuwa kijana mtaratibu, mwepesi kuelewa, anafika kabla ya saa. Nikamsifu mbele ya wauguzi wote kwamba mkwe kama huyu hapatikani kila kijiji.

Nadhani mmeshaona nilikokuwa naelekea. Mimi sikuona.

Siku ya kwanza tulimkalisha mama, nikampa Gaudensi bakuli la uji mzito na kijiko changu, nikamwelekeza. Mama akafumba mdomo, akageuza uso ukutani. "Sina njaa, baba," akaniambia mimi. Siku ya pili ikawa hivyo hivyo. Siku ya tatu Gaudensi alilisha huku ametazama dirishani, uji wote ukaishia kidevuni mwa mama, nami nikaandika kwenye faili: "Mlishaji bado hana ustadi." Siku ya tano nikaandika jambo ninalolionea haya mpaka leo: "Mgonjwa hana ari. Huenda ubongo umeguswa."

Sista Kapinga aliniambia kwamba asubuhi, wakati wa kumwogesha mama, alimpa vijiko vitatu vya maji na akameza bila taabu. Nilimjibu kitaalamu kwamba kumeza mara tatu si kula. Akachukua beseni lake, akaenda zake.

Jumatano daktari wa wodi alisimama mbele ya kitanda akasema kwamba mgonjwa asipokula kwa mdomo mpaka Ijumaa, atapewa rufaa kwenda hospitali kubwa ya mbali, akawekewe mpira wa kudumu tumboni. Alisema kwa nia njema, lakini mama alisikia yote. Machozi yalimtoka kimya, yakafuata ule mpira mpaka mdomoni.

"Nitafia huko," akasema. "Mpitimbi siioni tena."

"Basi kula, mama," nikamwambia. Gaudensi alikuwa amesimama kando yangu na bakuli. Mama akatikisa kichwa. Nilikasirika. Nasema ukweli, baada ya miaka yote ile ya kazi, nilimkasirikia mgonjwa.

Alhamisi mchana nilikwenda nyumbani kula. Sofia alikuwa amepika ugali na dagaa wa Nyasa, nami nikala huku namlalamikia mama wa watu: amepona, anameza, akili anazo, na bado anachagua kupelekwa mbali.

"Nani anamlisha?" Sofia akauliza.

"Mkwe wake. Kijana mzuri ajabu. Anakaa naye uso kwa uso, kijiko mkononi, hata hachoki."

Sofia akarudisha tonge kwenye sahani. Akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika mbavu.

"Baba Neema, wewe mara ya mwisho kula mbele ya mama yangu ilikuwa lini?"

Mama yake yuko Lusewa, na katika ndoa yetu yote sijawahi kutafuna hata karanga mbele yake. Nikifika hutengewa chakula chumba cha peke yangu. Mara moja alipita mlangoni ghafla nikiwa na kipande cha kiazi cha moto mdomoni, nikakimeza kizima ili asinione natafuna. Kiliniunguza mpaka tumboni, nikamwamkia huku machozi yananitiririka. Baadaye alimwambia Sofia, "Mumeo ana upendo, hata kunisalimia tu analia."

"Lakini yule ni mgonjwa," nikajitetea.

"Kwani nimonia inafuta ukwe? Umemkalisha mwenzio siku tano anafunuliwa mdomo na mume wa mwanawe! Hebu nenda, ugali utaukuta."

Gaudensi nilimkuta kwenye benchi nje ya wodi, anasubiri saa yake. Alisimama, akavua kofia. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Gaudensi, mwanangu, mbona hukuniambia?"

Hakuuliza nazungumzia nini. "Mzee, mimi nakaa pale natamani ardhi ipasuke. Tangu nimuoe Winfrida, mimi na yule mama hata maji hatujanywa pamoja. Nikikataa kumlisha, mtasema simpendi. Nikikubali, namuua kwa aibu. Sasa nikaangalia karatasi ya mlangoni, umeandika mwenyewe. Nikasema labda hospitali mila zinaachwa getini, kama baiskeli."

Niliingia, nikavuta kiti karibu na kitanda.

"Mama, nimekukosea. Mkwe wako sitamleta tena na bakuli."

"Sasa umejua," akasema.

"Kwa nini hukusema?"

"Ningesemaje, na yeye kakaa hapo hapo? Na wewe ulivyokuwa unamsifu!"

Tulivuta pazia kukizunguka kitanda. Gaudensi alibaki nje yake, na Sista Kapinga akaketi ndani kama shangazi wa harusi. Nilimwekea mama kijiko kinene mkononi, nikaweka kiganja changu chini ya kiwiko chake, nikakiondoa taratibu. Kijiko kilipanda kikitetemeka. Nusu ya uji ilimwagika kwenye taulo, nusu ikaingia. Tukasikiliza koo lake. Hakukohoa. Akachota tena, safari hii kikafika kizima.

"Uji huu kapika nani?" akauliza.

"Jikoni, mama."

"Sukari imeadimika mjini?"

Nilitamani kumkumbatia. Alilalamikia ule uji mpaka ukaisha, na mwishoni kikasikika kile kijiko kikikwangua chini ya bakuli. Nje ya pazia sauti ikauliza, "Sista, amekula?"

"Amekwangua!"

Tukasikia kishindo. Fundi seremala alikuwa amepiga magoti sakafuni, analia na kucheka kwa pamoja. Sista Kapinga, ambaye alikuwa amepiga marufuku hata kunong'ona mle ndani, aliachia kigelegele kimoja, kisha akajiziba mdomo kwa mkono. Ijumaa asubuhi daktari aliutoa mpira, na habari ya rufaa ikaishia hapo.

Ndipo nilipokumbuka lile swali nililokuwa nawafundisha wengine. "Mama, unataka nini hasa?"

"Nataka nimpikie mkwe wangu kuku."

Katika ukoo wao aibu kati ya mama na mkwe ina mlango wake. Siku mama akiridhika na kijana, humpikia kuku mwenyewe, na mbele ya ndugu humpa firigisi kwa vidole vyake vya mkono wa kulia. Kijana akila, na mama akila, basi tangu siku hiyo wanaweza kuketi chakula kimoja. Lakini firigisi ikidondoka, ndugu husema moyo wa mama haujaridhia, na jambo linaahirishwa, pengine kwa miaka.

"Nilikuwa bado namwangalia," Mama Winfrida akasema. "Sasa mtu aliyebeba aibu ile siku tano kwa ajili yangu, namwangalia nini tena?"

Sikuwahi kupata lengo la tiba lililo wazi hivyo. Alipotoka wodini akawa anakuja kwenye chumba changu cha magongo. Tulirudisha kisu mkononi mwake, tukarudisha mwiko, tukarudisha sufuria lenye maji nusu. Mkono wa kushoto ulikuwa bado dhaifu kushikilia kitunguu, kwa hiyo nilimchorea Gaudensi ubao wa kukatia wenye misumari miwili iliyotokeza juu, kitunguu kichomekwe kisimame chenyewe. Aliutengeneza kwa mninga, akaupiga msasa mpaka ukateleza, akamtumia mama kwa mkono wangu. Mama aliupapasa wote, chini na juu, akasema tu, "Anajua kazi."

Shida ilikuwa firigisi. Ni kitu kidogo, kina mafuta, na kukishika unahitaji kidole gumba na vidole viwili kubana kwa kipimo, mshiko ambao mwilini hurudi mwisho kabisa. Tulianza na punje za mahindi, tukaja karanga, kisha maharage ya kuchemsha, ambayo ndiyo balaa lenyewe. Yalimruka mama yakaenda mpaka chini ya magongo. Kuna siku alidondosha yote, akasema, "Nikiidondosha, nitakuwa nimemtukana mbele ya watu." Nikamwokotea maharage, tukaanza upya. Kwa wiki nyingi chumba kile kilikuwa na siafu kuliko wagonjwa.

Siku yenyewe ilikuwa Jumapili, baada ya ibada. Tulikwenda Mpitimbi mimi, Sofia na Sista Kapinga, ambaye bila sare sikumtambua mpaka aliponikaripia kwa kuchelewa. Mama Winfrida alikuwa amepika tangu asubuhi, na hakuruhusu mtu kugusa chungu. Ndugu walikaa kwenye mikeka, Winfrida na mtoto wake mgongoni, Gaudensi mbele kabisa katika shati jipya, ametazama chini.

Mama alifunua chungu, akatafuta, akaitoa firigisi, akaiweka kwenye sahani ipoe kidogo. Kisha akainyanyua. Mkono ulianza kutetemeka kwenye kiwiko, ukashuka mpaka vidoleni, na firigisi ikateleza, nikaona imeshafika kwenye ncha za kucha. Akasimamisha mkono. Akavuta pumzi kama tulivyojifunza, akabana, akaendelea. Mimi nami nilikuwa nabana kifungo cha shati langu. Tuliporudi nyumbani Sofia aliuliza kilikokwenda.

Ilifika. Gaudensi aliipokea kwa mikono miwili akiwa amepiga magoti, akaitia mdomoni, akatafuna.

"Imeiva?" mama akamuuliza. Lilikuwa swali la kwanza kumuuliza akimtazama usoni.

"Imeiva, mama."

Naye akamega tonge la ugali, akalichovya mchuzi, akala mbele yake, akitafuna taratibu bila kuziba mdomo. Vigelegele vilivyopigwa pale, kuku waliobaki hai walikimbilia migombani. Gaudensi alilia, maana ana machozi ya karibu yule fundi. Mimi pia nililia, na safari hii hapakuwa na kiazi.

Tulipokuwa tunaaga, mama aliniita kando, akanipa kitu kilichofungwa kwenye kitambaa. Ni kile kijiko kinene. Nilikuwa nimemwachia aende nacho nyumbani.

"Chukua chombo chako, baba," akasema. "Ugali hauliwi kwa kijiko. Kampe aliyelala."

Kipo kwenye droo ya pili ya meza yangu, ambayo sasa ni ya Betina. Tyubu yake nimeibadilisha mara kadhaa, na ikichakaa tena, mafundi baiskeli hawakosi vipande. Ile karatasi ya mlangoni niliibandua Jumatatu iliyofuata, nikaandika nyingine ndefu zaidi: NDUGU MMOJA, YULE YULE, KILA SIKU, NA MGONJWA NDIYE AMCHAGUE. Kijiko kioshwe kwa maji ya moto kila kikitumika. Na kabla hujakitia mkononi mwa mtu, geuka kwanza utazame nani amekaa mbele yake.